Ubao siyo menyu: mwongozo kamili wa kuchagua maneno kwa mtu anayeongea kwa picha

Nina steshenari Mbagala, nafanya fotokopi, kuprinti, laminesheni, picha za pasipoti za chapchap, na nina mtoto wa kiume, tumwite Rama, ana miaka 11, ana mtindio wa ubongo. Anasikia vizuri, anaelewa kila kitu mpaka umbea wa watu wazima, ila mdomo haumtii, kwa hiyo anaongea kwa ubao wa picha, anagusa kwa mkono wa kushoto maana wa kulia umekaza. Sasa kwa vile ubao natengeneza mwenyewe dukani, wazazi wenzangu wanakuja, wengine wanatoka mpaka Chanika, wananiambia dada nitolee na mimi kama wa Rama. Nawajibu kila siku, nikikutolea wa Rama utaenda nyumbani na maneno ya mtoto wa mtu mwingine. Ndo maana nimekaa kuandika hii, ni ndefu kidogo, chukua chai.

Ubao wa kwanza wa Rama niliutengeneza kwa mbwembwe. Picha 40, za rangi: uji, wali, ugali, maji, chai, chungwa, ndizi, choo, shati, viatu, kitanda. Alitumia kama wiki mbili afu akaanza kuusukuma chini, nikaudhika kweli, nikasema huyu mtoto mvivu. Mpaka bibi yake alipokuja kutoka Lindi. Bibi kaingia, begi bado liko mkononi, Rama anamwangalia anacheka, mkono unazunguka juu ya ubao kama anatafuta kitu, unazunguka, hakipati, mwisho akagonga picha ya uji mara tatu kwa nguvu. Bibi akasema masikini mjukuu wangu ana njaa, mpeni uji. Jamani. Alikuwa ametoka kunywa uji muda huohuo, kikombe kiko hapo pembeni. Mtoto alikuwa anataka kumwamkia bibi yake na mimi katika picha 40 sikumwekea shikamoo.

Hapo ndo nikaelewa kwamba nilichomtengenezea ni menyu ya mgahawa. Niliweka maneno ambayo MIMI nilikuwa nataka kuyasikia kutoka kwake, una njaa, una kiu, unataka kujisaidia, ili kazi yangu iwe rahisi. Kila kitu kwenye mwongozo huu kinatoka kwenye kosa hilo.

Kabla ya kuanza

Kwanza, usisubiri. Kuna watu watakwambia akizoea picha atakuwa mvivu wa kuongea, mama mkwe atasema, mchungaji atasema, hata baadhi ya wauguzi watasema. Mwaka 2006 watafiti watatu, Millar, Light na Schlosser, walipitia tafiti za nyuma kuhusu jambo hilihili, na kwenye zile kesi zilizokuwa na ushahidi mzuri hakuna hata mtu mmoja aliyepungua kuongea kwa sababu ya kupewa ubao, wengi waliongezeka kidogo. Na hakuna mtihani wa kufaulu kwanza, sijui mpaka akae mwenyewe, sijui mpaka ajue rangi. Mtoto anayeongea alianza kusikia maneno siku aliyozaliwa, hakuna aliyemwambia subiri.

Pili, jua anaonyeshaje. Kidole? Ngumi nzima? Macho tu? Kama ni macho, chukua plastiki ngumu inayoonyesha upande wa pili, bandika picha kwenye kona na pembeni, katikati acha wazi, wewe kaa mbele yake ushike katikati yenu, utaona macho yameenda kona gani. Kama hata macho yanachoka, wewe unasoma maneno kwa sauti, mstari wa kwanza? wa pili? wa tatu? na yeye anakupa ishara yake ya ndiyo ukifika penyewe. Kwa hiyo ile ishara ya ndiyo na ile ya hapana lazima zijulikane na nyumba nzima. Rama ndiyo yake ni kuinua nyusi, hapana ni kugeuza uso. Nimeandika nyuma ya ubao, kwa maandishi makubwa, ili hata konda akitaka kujua ajue.

Hatua ya kwanza: daftari, siyo kompyuta

Watu wanakimbilia kutafuta picha. Picha ni kazi ya mwisho. Chukua daftari la kurasa 48, kaa nalo wiki moja, uandike vitu viwili.

Upande wa kushoto andika siku yake ilivyo, toka anaamka mpaka analala, kila mahali alipo na kila mtu anayekutana naye, na kila mara unapoona kuna kitu alitaka kusema kikashindikana. Usijiambie utakumbuka, andika. Alilia nilipozima tivii. Alimvuta dada yake nguo. Aliangalia mlango dakika tano, kumbe alisikia sauti ya bajaji ya baba yake. Kila moja ya hizo ni neno linalodai nafasi: *usizime*, *njoo*, *baba kaja*.

Upande wa kulia ndo watu wengi hawafanyi, na ndo wenye mali. Tafuta mtoto wa umri wake anayeongea, wa mtaani hapo, uandike anachosema akicheza. Neno kwa neno bila kusafisha. Mimi nilikaa barazani na mchele nachambua, mtoto wa dada yangu anacheza na wenzake uani, nikaandika kwa siri:

*Nipe hiyo. Siyo zamu yako. Na mimi. Ngoja. Tena tena. Muongo wewe. Mama mwone huyu. Bado. Sichezi. We umeshatoka. Twende kule. Imeisha. Eti eeh? Nimeshinda. Acha. Yangu hiyo. Haya basi.*

Soma tena hiyo orodha. Hakuna chungwa, hakuna shati, hakuna kitanda. Watoto wamecheza saa nzima, wamegombana wamepatana, na majina ya vitu yaliyotajwa ni mpira na kandambili. Mimi nilikuwa nimempa mwanangu majina ya vitu 40 na hakuna hata *ngoja*. Hebu mwenyewe jaribu kuishi siku moja Dar es Salaam bila *ngoja*, uone.

Kama ni mtu mzima, fanya hivohivo kwa watu wazima wenzake. Sikiliza wazee wanaocheza bao, sikiliza wamama saluni.

Hatua ya pili: maneno ya msingi

Haya ni yale maneno machache yanayorudi kila mahali, nyumbani, shuleni, sokoni, msikitini. Kwa Kiingereza yamehesabiwa sana, inasemekana maneno kama 200 hadi 400 yanabeba karibu asilimia 80 ya maongezi ya kila siku. Ila usidanganyike ukachukua orodha yao ukaitafsiri, nimeona ubao wa namna hiyo, umetoka na vitu havieleweki, maana lugha yao ina vijineno sisi hatuna na sisi tuna vitu wao hawana. *Bado* kwa mfano. *Bado* ni neno tajiri, umekula? bado. Tuondoke? bado. Bado anaumwa. Neno moja hilo mtoto anafanya nalo kazi kutwa.

Yangu mimi ya kuanzia, ambayo nampa kila mzazi kama mbegu tu, baadaye atabadilisha, ni haya: mimi, wewe, yeye, sisi, nataka, sitaki, nipe, nisaidie, niache, ngoja, bado, tena, basi, twende, njoo, acha, angalia, hii, ile, yangu, hapa, kule, nini, nani, wapi, kwa nini, lini, nzuri, mbaya, kubwa, ndogo, sasa, kesho, jana, imeisha, pia, ndiyo, hapana.

Ila kwenye kukataa usibane matumizi. Watu wanaweka *hapana* moja wanaona wamemaliza. Kwetu kukataa kuna aina zake. *Sitaki* siyo *siwezi*. *Siyo* siyo *hamna*. Mtoto ukimuuliza mbona huli akajibu hapana, umejua nini? Ana *sitaki*, ana *siwezi*, ana *sijui*, ana *hamna*, ana *siyo hiyo*, kila moja inakupeleka sehemu tofauti. Hasa *siyo hiyo*. Mtu asiyeongea maisha yake yote ni watu wanamkisia, unataka maji? unataka nje? unataka kulala? na akishindwa kukataa kisio chako utaendelea nacho mpaka alie. Kwa hiyo *siyo hiyo, umekosea* ni kadi kubwa, weka kona ambayo mkono wake unafika haraka. Pembeni yake weka mbili nyingine, *sijamaliza kusema* na *ninachotaka kusema hakipo hapa*. Hii ya mwisho Rama aliigonga siku ya kwanza tu nilipoiweka, nikaanza kumuuliza kitu cha kula? hapana, mtu? ndiyo, wa hapa nyumbani? hapana. Mwisho tukafika kwa kijana aliyekuwa anakuja kurekebisha printa ya dukani ambaye siku nyingi hajaja. Mtoto alikuwa amemkumbuka fundi. Ningejulia wapi?

Hatua ya tatu: kitenzi utakiandikaje

Hapa ndo pagumu, na hutapata jibu kwenye miongozo ya nje maana wao hawana shida hii. Kiswahili kimebeba sentensi nzima ndani ya kitenzi. *Hatutampelekea* ni neno moja. Huwezi kuweka nakula, unakula, anakula, nilikula, sitakula, kila moja na kadi yake, utajaza ukuta wa nyumba.

Nilichofanya baada ya kuharibu karatasi nyingi: nimegawa makundi mawili. Vile vitenzi vya moto, ambavyo mtu anavitumia akiwa na haraka au hasira, nimeviandika vizima kama vinavyotoka mdomoni: nataka, sitaki, naomba, nipe, niache, nisaidie, nionyeshe, niambie, nibebe, nimechoka, naumwa, naogopa, nimefurahi, twende, tucheze. Angalia hizo za *ni* ya kufanyiwa, *nipe, niache, niambie*, hizo usizivunjevunje kabisa, mtoto wa Kiswahili anazijua kama kitu kimoja toka ananyonya.

Vilivyobaki nimeandika vya kawaida, kula, kunywa, kwenda, kulala, kucheza, kupiga, kuona, kuoga, kununua, na anaviunga na mtu na muda. Anagusa *mimi*, *kwenda*, *kesho*, *sokoni*. Ndiyo, ukiisoma hivyo inatoka kama mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege jana, mimi kwenda kesho sokoni, dada yangu mwanzoni alicheka. Ila kazi ya kunyoosha ni ya msikilizaji, unamrudishia kwa sauti, "Aah, kesho nitaenda sokoni?" na yeye anainua nyusi. Hapo umemhakikishia umesikia, na papohapo amesikia sentensi ilivyo kamili. Usimkosoe, wala usimwambie gusa tena vizuri. Rudisha tu ikiwa imenyooka.

Ngeli hivohivo, usihangaike. Kubwa moja, ndogo moja, yangu moja, hii moja. Akigusa *kiatu* na *yangu* we sema "kiatu changu". Akikua akaanza kusoma na kutaka zaidi, tengeneza ukurasa wa viambishi, *ni- u- a- tu- wa-* na *-na- -li- -ta- -me-*. Rama ameanza nao mwaka huu, *-li-* na *-ta-* tu, na *-ta-* anaipenda maana anadai ahadi.

Hatua ya nne: adabu, utani na ubishi

Mwaka 1988 mtafiti Janice Light aliandika kwamba mtu anawasiliana kwa mambo manne: kuomba anachohitaji, kupashana habari, kujenga ukaribu na watu, na kutimiza adabu za jamii. Menyu yangu ya mwanzo ilikuwa na la kwanza tu. Na kwetu la nne ndo linamfanya mtu aonekane mtu. Mtoto asiyeamkia Dar, hata kama hawezi kuongea, kuna mzee ataguna.

Weka *shikamoo*, na kwa wakubwa weka *marahaba*, maana kuna mama mmoja alikuja kunitengenezesha ubao wa mdogo wake wa miaka 30 na kamuwekea shikamoo tu, watoto wa mtaani wanamwamkia kaka wa watu hana la kuwajibu. Weka *hodi*, *karibu*, *asante*, *samahani*, *pole*, *hongera*. Salamu za rika pia, *mambo*, *poa*, *freshi*, kijana wa miaka 15 akiwapigia wenzake shikamoo atakuwa kichekesho. Dini yake, *asalaam alaykum* au *Bwana asifiwe*, *inshallah*, *amina*.

Afu weka maneno usiyoyapenda. Muongo. Hunisikilizi. Unaniboa. Toka. Nimenuna. Wazazi wengi hapa wananigomea, wanasema sitaki nimfundishe utovu wa adabu. Mtoto anayeongea anayajua yote hayo na anachagua lini ayaseme, wa kwako naye achague, akikosea mkemee kama wenzake. Vinginevyo atakung'ata, nakwambia. Rama alikuwa anang'ata. Siku nilipomwekea *niache* na *nimekasirika* hakuacha siku hiyohiyo, lakini alipungua.

Na utani. Simba na Yanga lazima, pamoja na *tumewafunga* na *mnalia*. Baba yake ni Yanga, mtoto kwa makusudi kaamua Simba, siku timu ya baba ikifungwa ubao unagongwa *mnalia mnalia mnalia* mpaka baba mtu anatoka nje.

Hatua ya tano: mwili, maumivu, na yale tunayoyaonea aibu

Picha ya mwili mzima, mbele na nyuma, ili aguse panapouma. Pembeni *inauma*, *inawasha*, *inachoma*, *kizunguzungu*, *natapika*, *kidogo*, *sana*, *toka jana*. Hii ukienda hospitali ni dhahabu. Kuna zahanati moja daktari alikuwa ananiuliza mimi tu, mtoto kakaa hapo kama mzigo, nikamwambia muulize mwenyewe, Rama akagusa sikio, *inauma*, *ndani*. Mimi nilikuwa nimempeleka kwa homa.

Sasa sehemu za siri. Ziandike kwa jina linaloeleweka, mchoro wa kawaida, siyo ua wala ndege. Na kwenye ukurasa huohuo *amenishika*, *amenipiga*, *ameniumiza*, *sikutaka*, *aliniambia nisiseme*, *namwogopa*, na picha za watu wote wanaomhudumia, wote, hata mjomba unayempenda, hata wewe mwenyewe. Mtu mbaya anamchagua asiyeweza kusema. Kama maneno hayo hayapo kwenye ubao basi umemhakikishia mtu huyo usalama wake. Usiusubiri umri, na usiufiche huo ukurasa eti utautoa ikitokea kitu.

Kwa wasichana ongeza *hedhi*, *pedi*, *nibadilishe*, *afunge mlango*.

Hatua ya sita: maneno ya mahali

Hapa ndo majina ya vitu yanapata nafasi yake, na raha yake ni kwamba unayatoa kidogokidogo, kila sehemu na karatasi yake. Karatasi ya safari: daladala, mwendokasi, *shusha*, *nimebanwa*, *joto*, *siti*, jina la kituo chetu. Ya chakula: chipsi mayai, mihogo, ubuyu, vitumbua, lakini na *pilipili*, *chumvi imezidi*, *niongeze*, *ya moto mno*, maana kula siyo kutaja chakula tu. Ya nyumbani: tivii, rimoti, katuni, feni, *umeme umekatika*, *luku imeisha*. Ya kuoga, ya shule, ya ibada. Kila karatasi isizidi maneno 15 mpaka 20 na iambatane na ubao mkubwa wa maneno ya msingi, isiende peke yake.

Majina ya watu weka kwa picha zao halisi za simu. Vitu vya chakula pia piga picha za kwako, uji wa bakuli lenu. Kwa maneno kama *ngoja* au *tena*, kuna tovuti ya picha za mawasiliano inaitwa ARASAAC, ya Hispania, ina michoro zaidi ya elfu kumi na inapakuliwa bure, ukitumia kwa ajili ya mtoto wako haina shida, ila kuiuza hairuhusiwi, mimi nachaji karatasi na laminesheni tu.

Kupanga na kuprinti

Rangi zina mazoea yake duniani, watu wa njano, vitenzi kijani, sifa bluu, vitu rangi ya chungwa, adabu pinki. Fuata hivyo ili akikutana na mtaalamu au mwalimu anayejua asianze upya. Andika neno juu ya picha, siyo chini, kidole kikigusa picha kisifunike maandishi.

Ukubwa wa kila kisanduku pima kwa mkono wake. Mpe karatasi tupu yenye visanduku, mwambie gusa hapa, gusa hapa, angalia anakosea kiasi gani. Kama anahitaji visanduku vikubwa, usipunguze maneno, ongeza kurasa.

Na hili ni muhimu kuliko rangi: neno likishapata mahali pake LISIHAME. Mkono unakumbuka. We unawasha taa ya chumbani gizani bila kutafuta swichi, ndo hivohivo, baada ya miezi Rama hatafuti tena *nipe*, mkono unaenda wenyewe. Kwa hiyo toka mwanzo chora visanduku vingi, jaza nusu, vilivyobaki acha vyeupe, neno jipya likija linaingia kwenye uwazi bila kusukuma wenzake. Mimi sikujua hilo, nilipanga upya kila mwezi ili upendeze, nikawa namvuruga mtoto.

A3 kwa nyumbani, A4 ya kukunja kwa njiani, na kadi chache za moto za kuvaa shingoni. Laminesheni lazima kwa sababu ya mate na mvua, ila juani inang'aa haonekani mtu wala picha, mpe kivuli au inamisha. Printi nakala mbili na faili lihifadhi kwenye simu na kwenye imeili, siku ubao ukisahaulika kwenye daladala mtoto asikae bubu wiki nzima.

Kuonyesha, siyo kuuliza

Hutakaa umwambie nionyeshe maji, nionyeshe mpira. Huo ni mtihani na mtihani unachosha. Wewe ndo uongee kwa ubao. Unamwambia "twende sasa", mdomo unasema na kidole kinagusa *twende*, *sasa*. Maneno mawili matatu ya sentensi yanatosha. Gusa ukiwa unaongea na wengine pia, ajue hii ni lugha ya nyumba. Afu nyamaza. Hesabu moja mpaka kumi kimoyomoyo kabla hujarukia kumsaidia, ni ndefu kuliko unavyodhani. Miezi miwili ya kwanza Rama hakujibu chochote cha maana na nilikaribia kuacha.

Shuleni patakuwa na shida yake. Shule moja, siitaji, mwalimu aliuweka ubao kabatini kwa sababu unasumbua wenzake. Nilienda nikiwa nimeprinti sheria. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, Tanzania iliridhia 2009, unazihesabu njia mbadala kuwa ni mawasiliano, na tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Sikugomba, nilimuuliza tu kama wanafunzi wengine nao midomo yao inafungiwa kabatini. Ubao ulirudi mezani.

Kama ni mtu mzima

Mtu mzima anayejua kusoma, ambaye ugonjwa umechukua sauti tu na akili ya lugha iko palepale, mpe herufi. Mfaransa Jean-Dominique Bauby, baada ya kiharusi cha 1995 kilichomwachia kope moja, aliandika kitabu kizima kwa kukonyeza huku akisomewa herufi zilizopangwa kwa zile zinazotumika zaidi Kifaransa. Kwa Kiswahili *a* ndo mfalme, iweke ya kwanza, irabu zote ziwe mstari wa juu, kisha n, k, m, w na nyinginezo, x na q hata usiziweke, ila *ch*, *sh*, *ng'* zipe visanduku vyake. Chini weka sentensi nzima za haraka: nigeuze, nikohozesheni, punguza sauti, nani kapiga simu, nipeni simu yangu, hela ziko wapi. Mzee ni mwenye nyumba, usimpe ubao wa mtoto wenye katuni.

Kama kiharusi kimegusa lugha yenyewe, herufi zinaweza zisimsaidie hata kama alikuwa mwalimu. Hapo tumia picha halisi za maisha yake, albamu ya familia, ramani ya mitaa aliyokaa, tarakimu za hela. Hapo mtafute mtaalamu wa tiba ya usemi kama unaweza kumpata.

Simu na tableti

Cboard, programu ya ubao wa picha, ni bure, inafunguka kwenye brauza na kwenye Android, unaweza kuweka picha zako. Faida yake ni sauti. Kurekodi usirekodi sauti yako mama mtu mzima, mtafute mtoto wa rika lake na jinsia yake, Rama sauti yake ni ya binamu yake na anajivunia. Ila ubao wa karatasi usiutupe, karatasi haiishi chaji, na simu ya mkononi kwenye daladala ya Mbagala saa 12 jioni si unajua yenyewe.

Kupitia kila baada ya miezi mitatu

Nyuma ya ubao naandika tarehe. Ikifika miezi mitatu tunakaa na Rama, na dada yake, na bibi kama yupo, tunauliza nini kimekosekana. Neno lisilotumika usilifute haraka, jiulize kwanza mmeshawahi kumwonyesha, au liko mbali na mkono. *Pole* ya Rama ilikaa miezi mitano bila kuguswa. Afu mimi nikaungua na pasi, nikapiga kelele, akaigusa.

Mara ya mwisho tulipokaa alitaka kadi tatu: *singeli*, *usinishike kichwa*, na *bei gani*. Hiyo ya bei nilimuuliza ya nini. Akagusa *mimi*, *kuuza*, *ubuyu*. Nimeshamnunulia ndoo.